Kapteni Hakuamini Maji Yaliyotulia

Kapteni alikuwa hashuki garini kama watu wengine. Hata ukisimama mbele ya spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate tu, mkono wake wa kushoto ulitangulia kwenye kitasa cha mlango. Anakishika, anakikaza kama mtu aliyeshika shingo ya kuku, ndipo mkono wa kulia unakwenda kufungua mkanda. Mlango kwanza, mkanda baadaye. Miaka yote niliyomjua sikumwona akiubadili utaratibu huo, awe na haraka, awe na njaa, iwe mvua ya mawe inatwanga bati la gari.

Mimi nilikuwa nikimcheka. "Kapteni, hii ni Toyota. Hairuki."

"Najua hairuki," ananijibu. "Lakini mkono haujui, na sitaki ujue."

Tulijuana kwa sababu ya mahema. Anayenijua hahitaji kuambiwa, ila kwa asiyenijua niseme: ukienda kwenye harusi ya Waswahili mji huu wa Johannesburg, ukaona hema jeupe limesimama bila mkunjo na viti vya rangi ya dhahabu vimepangwa kama meno ya mtoto, usiulize la nani. Ni langu. Nilianza na turubai la kuazima na kamba za katani, leo malori yangu yanajulikana kuanzia Rosettenville mpaka Alexandra. Shule niliiacha darasa la tano kule Pangani, na mpaka leo sijaona nilichokosa.

Kapteni alikuja kwangu kukodi hema la msiba wa mkewe. Huyo mkewe alikuwa mama wa huku huku, walikutana Morogoro enzi wapigania uhuru wakiishi kule, na nchi ilipokombolewa Kapteni akamfuata kwao. Siku ile ya msiba, badala ya kukaa na wafiwa wenzake, alizunguka hema zima akivuta kamba moja moja. Akanijia akaniambia, "Kijana, kona ya nyuma kule umeifunga kivivu. Upepo ukiingia, hili litapaa, na sina leseni ya kulirusha." Nilikuwa na mvi tayari, akaniita kijana. Nikaenda nikaifunga upya. Tangu hapo tukawa marafiki.

Alikuwa amerusha helikopta karibu maisha yake yote ya kazi. Alihesabu wanyama mbugani, alibeba wagonjwa, alibeba wapiga picha wa sinema na matangazo. Alipostaafu alibaki na nyumba ya mlimani mtaa wa Observatory, kofia yake ya urubani, na masharubu aliyoyapaka piko kila Ijumaa. Alikuwa na majivuno. Mimi mtu wa majivuno namheshimu, maana najua ile kazi inavyochosha.

Na alikuwa mwongo, mwongo mtamu. Alituambia aliwahi kutua juu ya paa la hoteli kushuka kununua sigara, na meneja akampigia saluti. Alituambia kuna tembo mbugani alimzoea hata akawa anampungia mkonga. Siku nyingine tembo huyo alikuwa jike, siku nyingine dume. Ukimkumbusha anasema, "Wewe ulikuwepo? Basi nyamaza, unywe chai yako."

Lakini mazungumzo yakifika kwenye maji, utamu wote ulimtoka. Hapo Kapteni alizungumza kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Hakuongeza chumvi, hakucheka, wala tembo hakuwemo. Ndivyo nilivyojifunza kumjua: akipamba, anaongopa, akikauka, msikilize.

Alisema helikopta kuruka chini chini juu ya maji inapendeza kwa wanaotazama, na ndiyo maana inaua. Juu ya nchi kavu jicho lina vitu vya kushika: mti, ng'ombe, paa la nyumba. Unajua uko juu kiasi gani kwa sababu unajua ng'ombe ana ukubwa gani. "Maji hayana alama," alisema. Yakiwa yametulia kama kioo, hujui kama yako mita thelathini chini yako au yanakugusa soli. Na siku ya mawingu meupe ni mbaya zaidi, maana mbingu na maji vinakuwa kitambaa kimoja, na wewe ni inzi aliyemo ndani ya kitambaa.

"Sasa si utazame saa zako pale mbele?" nikamuuliza. Mimi nina akili ya mashine.

"Utatazama saa, na mwenye kamera nyuma anakwambia chini kidogo, chini kidogo? Unatazama maji. Kila mtu anatazama maji. Ni mazuri."

Kisha akaniambia jambo nililolielewa mara moja, ingawa sijawahi kurusha hata tiara. Injini ikizima ukiwa juu, panga la helikopta linaendelea kuzungushwa na upepo unaposhuka, nawe unapata nafasi ya kuchagua pa kutua. Ikizima ukiwa chini chini, hakuna cha kuchagua. "Kimo ni muda," alisema. "Aliye chini hana muda hata wa kutubu."

Kwa hiyo hakuamini maji yoyote yaliyotulia. Kuna siku nilimkaribisha kwangu kumwonyesha bwawa langu la kuogelea. Nimelichimba mwenyewe, yaani nililipa watu wakalichimba, na vigae vyake ni vya bluu ile ya bahari ya Pangani. Kila mgeni akiliona husema mashallah. Kapteni alisimama ukingoni, akatoa karanga mfukoni, akairusha katikati. Viduara vikasambaa. Ndipo akasema, "Haya, sasa nauona uso wake. Zuri."

Mke wangu alikasirika kwa ile karanga. Mimi nilicheka. Baadaye nikagundua alirusha karanga kila mahali, hata kwenye chemchemi ya madukani, mlinzi akamfuata.

Nimesahau kukisema kiti chake. Nyumbani kwake, sebuleni, mbele ya televisheni, hakuwa na kochi. Alikuwa na kiti cha helikopta, kiti chenyewe hasa, kimefungwa juu ya ubao mnene wenye miguu. Alitazama mpira akiwa amejifunga mikanda yote, wa kiunoni na wa mabegani. Timu yake ikifungwa alifungua mkanda akatoka nje, ila kabla hajafungua, mkono wake wa kushoto ulishika meza ndogo iliyokuwa pembeni. Ile meza ndiyo ilikuwa mlango.

Nilimuuliza kiti kilitoka wapi. Hakunijibu siku ile. Alinijibu mwaka mwingine, bila mimi kuuliza tena.

"Kile kilitolewa majini," alisema. "Tulikuwa tunapiga picha za tangazo la sabuni, juu ya bwawa. Asubuhi, hakuna upepo, mawingu meupe. Nilijua niko kwenye kimo cha nyumba ya ghorofa. Nilikuwa kwenye kimo cha mbuzi."

Akamalizia chai yake.

"Helikopta ni nzito juu. Injini iko juu, panga liko juu. Ikigusa maji inapinduka, kichwa kinakuwa chini. Mimi nilishika mlango, nikasubiri panga lisimame, nikafungua mkanda, nikajivuta. Mpiga picha alifungua mkanda kwanza."

"Hakujua kuogelea?"

"Alikuwa bingwa. Waogeleaji ndio wanaofungua mkanda kwanza, wanaamini mikono yao. Ukishafungua unaelea, na ukielea kichwa chini kwenye giza hujui mlango uko wapi. Alikuwa akitafuta mlango kwenye sakafu."

Halafu akauliza kama chai bado ipo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Binti yangu Rehema aliposwa. Mchumba ni kijana wa Soweto, Themba, aliyesilimu akaitwa Yusuf, na sisi wote tukaendelea kumwita Themba. Mimi nimepamba harusi za watu wote wa mji huu. Ya mwanangu ningeifanyaje? Ndoa msikitini Ijumaa, sawa, hiyo ni ya Mungu. Lakini sherehe ya Jumamosi ilikuwa yangu. Nilichukua uwanja mmoja kando ya bwawa la Vaal, nikapanga mahema yatazame maji. Na maharusi, nikaamua, watakuja kwa helikopta. Sio kutua tu kama wanasiasa. Watatokea mbali, juu ya maji, chini kabisa, maji yanafuka nyuma yao kama moshi, moja kwa moja kuwaelekea wageni.

Wazo hilo lilikuwa langu, ila mpiga picha, Mkongo mmoja wa Yeoville hodari sana, ndiye aliyelitia sukari. "Patron," aliniambia, "ukinipa hiyo picha, hakuna harusi tena Joburg baada ya hiyo. C'est fini, yamekwisha." Na mshindani wangu wa mahema, ambaye simtaji, nilikuwa nimemwalika akae mstari wa mbele.

Nikaenda kumwambia Kapteni, nikitegemea atafurahi. Alikuwa kitini, amejifunga, anatazama mpira. Akazima televisheni, jambo ambalo sikuwahi kuona.

"Nani atakuwemo?"

"Rehema na Themba, na mpiga picha, na rubani. Rubani kijana, ana vyeti."

"Na milango?"

"Upande mmoja watautoa, ili kamera ipate nafasi."

"Na Rehema amevaa nini?"

"Shela, Kapteni. Ni harusi."

Akasema, "Hapana."

Nilikasirika. Nikamwambia sikuja kuomba ruhusa, mimi si mtoto, nimejenga jina langu kwa mikono hii. Nikamwambia, na hili lilinitoka tu, labda anaona wivu kwamba sasa wengine wanaruka na yeye anaruka sebuleni. Hakukasirika. Akaniuliza kwa ule ukavu wake, "Wewe unajua kuogelea?"

"Mimi? Mto Pangani nimeuvuka nikiwa na ndizi kichwani."

"Ndicho nilichokuwa naogopa," alisema. "Jumapili nileteeni bakkie. Kiti hiki hakiingii kwenye Toyota."

Jumapili ile ninaikumbuka kuliko siku ya harusi yenyewe. Themba na Kapteni walikileta kiti nyuma ya bakkie, yaani pikapu, wakakiweka kwenye ukingo wa bwawa langu, upande wa maji ya kifuani. Mke wangu alitoka na kanga kichwani akauliza, "Sasa hiki nacho ni nini?" Rehema alikaa kwenye ngazi na simu yake tayari kupiga picha. Yeye kazaliwa hapa, Kiswahili anakijua kwa masikio kuliko kwa mdomo. "Babu," alimwambia Kapteni, "usimuue baba yangu before harusi, sawa?"

"Nitamrudisha," Kapteni alisema. "Sharp," yaani sawa ya mji huu.

Nikakaa kitini na kaptura yangu. Kapteni akanifunga mikanda mwenyewe. Akamwingiza Themba majini upande mmoja, yeye akaingia upande wa pili na kofia kichwani. Akasema, "Kazi yako ni moja. Toka." Wakakipindua kikatumbukia majini.

Mimi nilikuwa tayari, nimevuta pumzi, nimefumbua macho. Maji yakaniingia puani. Juu ikawa chini. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkanda, nikaufungua, safi kabisa, nikafurahi moyoni, nikapiga mbizi kuelekea juu kwa nguvu zangu zote. Nikagonga kichwa kwenye vigae vyangu vya bluu ya Pangani.

Walinitoa nikikohoa. Mke wangu alikuwa ameshika mdomo. Rehema hakuwa anapiga picha tena.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" Kapteni aliniuliza.

"Juu."

"Hata yule bingwa alikuwa anakwenda juu."

Mara ya pili alinifundisha. Mkono wa kushoto ushike ukingo wa bwawa na usiuachie hata ukiona malaika. Subiri mpaka kila kitu kitulie. Fungua kwa mkono wa kulia. Kisha jivute kuelekea mkono ulioshika, hata kama kichwa kinakwambia njia ni kwingine, maana kichwa kinaongopa na mkono hauongopi. Nilitoka. Nilitoka vizuri, na sitaficha kwamba nilijisifu hapo hapo nikiwa natiririka maji.

"Vizuri," Kapteni akasema. "Na haya maji yana jua, yana vuguvugu, hayana mafuta, na hakuna mtu aliyekukalia shingoni." Akapanda juu, akaenda kwenye lori langu lililoegeshwa pale, akavuta pazia jeupe, mojawapo ya yale marefu ninayopambia hema. Akanizungushia miguuni, akazungusha tena kiunoni, likanifunika mpaka miguu ikapotea. "Sasa mara ya tatu," alisema. "Hili ndilo shela."

Nililitazama lile pazia. Nimelishika maelfu ya mara katika kazi yangu, najua linavyokunywa maji, najua mvua ikilinyeshea watu wawili hawalinyanyui. Nikamtazama Rehema kwenye ngazi. Alikuwa ameyashika magoti yake.

"Babu," alisema polepole, "na mimi siku hiyo nitakuwa na kucha za bandia. Huu mkanda siwezi fungua."

Sikupinduliwa mara ya tatu. Nilifungua mkanda, baada ya kushika ukingo, nikavua lile pazia, nikaingia ndani kubadilisha nguo. Nilikaa chumbani muda mrefu kuliko nguo zilivyohitaji.

Siku ya harusi Mungu alileta mawingu. Sio ya mvua. Yale meupe, yaliyokaa kimya. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa pindo la hema. Nilisimama kwenye nyasi nikatazama bwawa la Vaal, sikujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na nilisema moyoni, kama picha, hii ni picha.

Mpiga picha hakupanda nao, nilishamzuia. Milango yote ilikuwepo na imefungwa. Lakini Mkongo wangu alikuwa na namba ya rubani na simu sikioni. Helikopta ilipotokea ng'ambo akanishika mkono. "Patron, maji ni kioo kabisa. Mara moja tu, chini chini. Kijana anasema anaweza, anasubiri neno lako. Watu wote wanatazama."

Kweli walikuwa wanatazama. Mshindani wangu alikuwa amevua miwani. Kapteni alikuwa amekaa meza ya wazee, kofia yake imepigwa pasi, na hakusimama. Alitoa karanga kwenye sahani, akaiweka mdomoni, akatafuna, akinitazama mimi.

Nikaichukua ile simu. "Mwanangu," nikamwambia yule rubani, "panda juu. Zunguka nchi kavu, utue nyuma ya maegesho ya magari. Ukishuka chini ya kimo cha miti hii hulipwi hata shukrani."

"Sharp, baba," akajibu, na kusema kweli nilimsikia akipumua.

Basi helikopta yangu, niliyoisubiri miezi mizima, ikapita juu sana, upande wa barabara, ndogo kama mbu. Wageni waliitafuta kwa viganja machoni. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti kama ya redio, "Hao polisi wanamtafuta nani?" Hema zima likacheka. Mshindani wangu alicheka mpaka akajifuta machozi. Mpiga picha alikaa chini kwenye nyasi kama mfiwa.

Na huko nyuma ya maegesho binti yangu alishuka, amekanyaga pindo la shela lake mwenyewe, anacheka, na nyuma yake Themba amembebea viatu. Walikuja kwa miguu kati ya magari. Kapteni ndiye aliyesimama wa kwanza. Akavua kofia.

Mwaka huu mwanzoni Kapteni alihama. Binti yake aliyeko Polokwane alimtaka akaishi naye, miguu imeanza kumgomea na zile ngazi za Observatory ni nyingi. Nilimwambia amechagua mahali pazuri, kule hata mabwawa yana kiu. Jioni moja kabla hajaondoka nilikwenda kwake na Rehema, mwenye tumbo sasa, tukachukua na video ya harusi, kwa sababu alikuwa hajaiona.

Nyumba ilikuwa masanduku tu. Kiti bado kilikuwa sebuleni. Alikaa, akajifunga, Rehema akaweka video. Keki, ngoma, vifijo, hotuba yangu ambayo ni ndefu kidogo lakini nzuri. Kisha mbingu nyeupe, na ndani yake doa jeusi dogo, likipita taratibu kutoka kona moja hadi nyingine.

"Rudisha," Kapteni akasema.

Rehema akarudisha. Doa likapita tena.

"Rudisha."

Alilitazama mara nyingi, kwa macho yale yale aliyotazamia mpira. Mwishowe akasema, "Hiyo ndiyo picha bora ya helikopta niliyowahi kuona. Nani alimwambia apande juu hivyo?"

"Mimi," nikajibu. "Niliamuru mwenyewe, mbele ya watu wote. Mtu mwingine angebabaika pale."

"Ati uliamuru mwenyewe. Na nani aligonga vigae?"

"Vile vigae nilivinunua mimi, nivigonge nitakavyo."

Rehema akacheka akishika tumbo. Kapteni akacheka pia, kisha mkono wake wa kushoto ukaishika ile meza ndogo, wa kulia ukafungua mikanda, akasimama kwa shida. "Kaa," aliniambia. "Nataka nione kama kinakuenea. Kule Polokwane kuna kochi."

Nikakaa. Kilinienea vizuri, mimi mwili wangu unaenea viti vya wakubwa. Nikajifunga mikanda yote, Rehema akarudisha doa lile lipite tena, na lilipopita nikataka kusimama nimshukuru mzee wangu. Meza alikuwa ameisogeza, sijui kwa makusudi. Mkono wangu wa kushoto ulitoka wenyewe, ukapapasa hewani pale sebuleni ukitafuta mlango, na mkanda sikuugusa.

Kapteni aliona. Akajifanya anatafuta rimoti.